Dawa zilikuwepo na bado tulimpoteza mama: tuanze na nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi mkunga, kiongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya kijijini. Kwa mwezi tunazalisha akina mama kati ya 80 na 100. Usiku zamu huwa na mkunga mmoja na mhudumu mmoja. Umeme wetu ni wa kubahatisha, benki ya damu hatuna, na hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa tatu kama mvua haijanyesha. Wiki chache zilizopita tulimpoteza mama kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Kinachoniuma ni kwamba dawa zilikuwepo. Sasa amejitokeza mfadhili anayetaka kutununulia mashine ya ultrasaundi. Wenzangu wanashangilia, mimi roho yangu haijatulia. Ungekuwa wewe, ungeanza na nini?

Jibu: Marahaba, na poleni sana wote. Kabla ya mashine, nikuulize: mkunga aliyekuwa zamu usiku ule anaendeleaje? Kama bado anazalisha huku anatetemeka, au ameanza kuomba ahamishwe, hapo kuna kazi inayotangulia kila nitakachokuandikia. Mkae naye. Mkijadili kifo kile, mjadili saa na dakika, siyo jina lake. Wodi inayotafuta wa kumlaumu huanza kuandika uongo kwenye mafaili, na faili la uongo halitawafundisha kitu.

Sasa swali lenyewe. Jibu umelitoa wewe mwenyewe uliposema kwamba dawa zilikuwepo. Zilikuwepo wapi? Kwenye kabati lililofungwa? Stoo ya dawa, upande wa pili wa uwanja? Kwenye friji, huku mabomba ya sindano yako kwenye droo nyingine na dripu chumba kingine? Niliwahi kufanya kazi katika hospitali ambayo oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, ilikuwa ya kutosha kwa miezi mitatu, ila ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa muuguzi aliyemaliza zamu jioni na kwenda zake nyumbani. Tulivunja kabati kwa chuma cha kutundikia dripu. Mama yule alipona, lakini tangu siku hiyo nikiingia kwenye wodi yoyote ya wazazi swali langu la kwanza ni nani ana ufunguo. Orodha ya vifaa huwa naiomba baadaye.

Fanya hesabu pamoja nami. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye kizazi ni kama mililita 500 hadi 700 kwa dakika, na mama mjamzito ana lita tano au sita tu mwilini. Kinachozuia isimwagike baada ya kondo kutoka ni misuli ya kizazi kujikaza na kuibana ile mishipa. Kizazi kikilegea, mama anaweza kufariki ndani ya saa mbili, wakati barabara yenu ni ya saa tatu. Kwa hiyo mama anayevuja damu usiku ataokolewa na watu wawili walioko zamu kwa vitu vilivyoko mkononi mwao. Ukitaka kujua kama kifaa fulani ni cha lazima, uliza: kitapunguza dakika ngapi kati ya damu kuanza na mkono wa kwanza kumfikia?

Ultrasaundi kwa kipimo hicho haifui dafu. Sisemi ni mashine mbaya. Kondo lililotangulia, mapacha, mtoto aliyelala vibaya, umri wa mimba usiojulikana, vyote itakuonyesha, na mimi mwenyewe naitumia kila siku. Ila jambo hili limepimwa. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tano, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Guatemala, Kenya, Pakistani na Zambia, na kuchapishwa mwaka 2018, ulipeleka ultrasaundi kwenye vituo vya vijijini na kuwafundisha wahudumu kuitumia. Vifo vya akina mama na watoto havikupungua, wala akina mama hawakuongezeka kliniki au kwenye kujifungulia hospitalini. Mashine ilionyesha tatizo, lakini tatizo lilibaki kusubiri mtu, dawa na gari.

Basi mimi ningeanza na macho, kwa sababu kosa la kwanza karibu kila mara ni kutoona. Damu inaingia kwenye godoro, kwenye kanga, inachanganyika na maji ya uzazi, na sisi tunakisia. Tunakisia pungufu, wazoefu kwa wageni. Mimi nina miaka mingi kazini na bado nikikisia nakosea. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000. Kila mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida aliwekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko wa kukinga damu, na mfuko una mistari ya kusoma mililita. Hospitali zilizoendelea na mazoea ziliwagundua karibu nusu tu ya waliotokwa na damu kupita kiasi. Zenye mfuko na utaratibu mpya ziligundua 93 katika kila 100. Na hali mbaya, yaani damu kuzidi lita moja, upasuaji wa kuizuia, au kifo, zilipungua kwa asilimia 60. Katika maisha yangu ya kazi sijaona mambo mengi yenye tofauti kubwa hivyo yaliyoletwa na kipande cha plastiki.

Kwa hiyo omba mifuko hiyo kabla ya kitu kingine. Ikikosekana, usikae kimya ukiingoja: pima uzito wa pedi na vitambaa kabla na baada, gramu moja ihesabu kama mililita moja, na kinga damu kwenye beseni ulilolichora mistari. Kwa saa nzima ya kwanza, kila dakika 15, mtu asome mfuko, aguse kizazi kuona kama ni kigumu kama mpira, apime mapigo na presha, na aandike. Mililita 500 ni kengele. Ikifika 300 na mapigo yanapanda, presha inashuka au damu inatiririka bila kukatika, usingoje 500. Mama mwenye upungufu wa damu hana akiba ya kuvumilia kusubiri kwako.

Najua utaniambia: daktari, usiku nina mkunga mmoja, na kuna mwingine anasukuma kitanda cha pili. Ndiyo maana mhudumu wenu lazima afundishwe kusoma mfuko na kuita. Si kazi ya cheti. Hata mama mwenyewe, kama ana nguvu, muonyeshe mahali pa kugusa chini ya kitovu, mwambie hapa panatakiwa pawe pagumu, pakiwa laini au ukihisi unalowa piga kelele. Akina mama wengi hunyamaza kwa kuona wanasumbua.

Baada ya kuona, mkono. Tengeneza sanduku moja la damu, liwe chumba cha kujifungulia, lisifungwe kwa ufunguo bali kwa utepe unaokatika, ili ukiona utepe umekatwa ujue linahitaji kujazwa. Ndani weka kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, seti ya dripu na lita mbili za maji ya mshipani, mabomba ya sindano, glavu ndefu, katheta (mrija) ya mkojo, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, vidonge vya misoprostoli vya kukaza kizazi, kondomu na uzi vya puto nitakalolieleza chini. Nje ya sanduku bandika karatasi inayosema oksitosini iko wapi, maana hiyo haikai sandukuni. Atakayelijaza awe na jina lake kwenye ratiba ya zamu. "Wote tunahusika" maana yake hakuna anayehusika.

Tuliopita shule zamani tulifundishwa ngazi: kanda kizazi, subiri, choma sindano, subiri, ongeza dripu, subiri. Kusubiri kule ndiko kunakoua. Siku hizi vinatolewa kwa mpigo, ndani ya robo saa: kizazi kikandwe mpaka kikaze, oksitosini uniti 10 iingie na dripu ya oksitosini ifuate, traneksamiki gramu 1 mshipani polepole kwa dakika 10, maji yaende, kibofu kimwagwe, na wakati huohuo mtu akague kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Kibofu usikidharau. Nimeitwa usiku mara nyingi kwa "kizazi kilichokataa kukaza", nikaingiza katheta, ukatoka karibu mkojo wa ndoo, kizazi kikakaza chenyewe.

Traneksamiki nayo ina saa yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliokuwa na wanawake 20,060 kutoka nchi 21, ulionyesha inapunguza vifo vya kutokwa na damu, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe. Uchambuzi uliofuata ukaona kila dakika 15 za kuchelewa zinakula kama asilimia 10 ya faida yake. Ikipita saa tatu, achana nayo. Na nikuonye jambo moja ambalo limeua watu: ampuli za dawa hii hufanana sana na za dawa ya ganzi ya mgongo. Ikichomwa mgongoni kwa makosa, mama hupata degedege na wengi hufa. Kama mnafanya upasuaji hapo, traneksamiki isikae kabisa kwenye trei ya ganzi wala kwenye kabati lake. Chumba kingine ikiwezekana.

Tuje kwenye friji. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu, na ubaya wake ni kwamba haibadiliki rangi; unachoma, kizazi hakijibu, unadhani mama ana tatizo kumbe umechoma maji. Hospitali nyingi za kijijini zina friji moja tu ya kuaminika, nayo ni ya chanjo. Zungumza na mwenzako wa chanjo umwombe rafu moja. Huwa wanakataa mara ya kwanza kwa sababu wanaogopa mlango kufunguliwa ovyo, na wana haki. Mkubaliane: kila mwanzo wa zamu zinatolewa ampuli za zamu hiyo tu, zinakaa kwenye kikasha chenye barafu, na friji haiguswi tena. Kama nchi yenu imeshaingiza kabetosini, dawa nyingine ya kukaza kizazi, ile isiyoharibika kwa joto, ombeni. Utafiti wa mwaka 2018 wenye wanawake karibu 30,000 ulionyesha kwamba katika kuzuia damu haipitwi na oksitosini. Ila ni ya kuchomwa mara mtoto akishatoka. Kuanzisha au kuongeza uchungu haitumiki kamwe. Ikikosekana sindano yoyote inayoaminika, misoprostoli mikrogramu 600 za kumeza mara baada ya mtoto kuzaliwa ni bora kuliko kutotoa kitu, mradi umehakikisha tumboni hakuna pacha.

Damu ikiendelea licha ya yote hayo, unanunua muda. Ngumi ndani ya uke na mkono wa pili juu ya tumbo, kizazi katikati, ubane usiachie. Inachosha mikono, badilishaneni. Puto la kondomu lililofungwa kwenye katheta na kujazwa maji, njia aliyoieleza Profesa Sayeba Akhter wa Bangladesh mwaka 2003, mkunga anaweza kufundishwa, lakini aijaribu kwanza kwenye mfano, asije akajifunzia kwa mama anayekufa. Na kwa barabara yenu ya saa tatu, kifaa ambacho ningekitaka kabla ya ultrasaundi ni vazi la kubana miguu na tumbo. Linafungwa kwa kuanzia vifundoni kupanda juu, linasukuma damu irudi kwenye moyo na ubongo, na linafuliwa na kutumika tena. Mkubaliane mapema na hospitali inayopokea kwamba watawarudishia. La sivyo mtalipeleka na mama wa kwanza na hamtaliona tena. Wafundisheni pia wasilivue kwa pupa mama akishafika, maana likivuliwa kabla hali haijatulia presha huanguka ghafla.

Kuhusu damu yenyewe, kutokuwa na benki si kutokuwa na mpango. Kila mama ajulikane kundi lake na wingi wa damu tangu kliniki, na upungufu utibiwe huko, miezi kabla. Watumishi na majirani waliokubali kuchangia wawe kwenye daftari, kundi lao likiwa limeshapimwa, na namba zao ziwe zinapatikana usiku. Lakini kila chupa inayotoka ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, hata kama mchangiaji ni mume wa mgonjwa na watu wanapiga kelele nje. Vitendanishi vya vipimo hivyo viwekwe kwenye maombi yako kwa mfadhili. Hakuna mtu anayevipiga picha, lakini bila hivyo daftari lako ni karatasi tupu.

Nimekaa sana kwenye damu kwa sababu ndiyo iliyowaumiza, na pia kwa sababu duniani ndiyo inayoongoza kwa kuua wazazi. Ya presha nitasema machache. Nunueni mashine mbili za presha zilizothibitishwa kwa wajawazito, maana nyingi za madukani husoma pungufu kwa mwenye kifafa cha mimba, na kila moja iwe na kafu (mkanda wa kufunga mkononi) ya mkono mnene. Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ipo miaka mingi sasa na bado wapo wanaoiogopa. Utafiti wa mwaka 2002 uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33 ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Mama akiwa na presha kali, kichwa kinauma na macho yanaona nyota, usimpakie garini mikono mitupu: dozi ya kuanzia ni gramu 4 mshipani polepole na gramu 5 kila tako, kwa kufuata mwongozo wa nchi yenu, ndipo aondoke. Wakati huohuo presha nayo ishushwe. Kabla ya kurudia dozi, angalia goti linaruka, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kupoza magnesiamu ikizidi mwilini, iwe pembeni kila wakati. Ukiwa nayo pembeni na ukawa unapima hayo matatu, hofu inaisha.

Mtoto asiyelia anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na kama bado, pumzi ya mfuko na barakoa ndani ya dakika ile ya kwanza. Hewa ya kawaida inatosha kuanzia. Wengi hupoteza dakika hiyo wakitafuta mtungi wa oksijeni au wakimnyonya kamasi mtoto ambaye hana kamasi. Mfuko mmoja kila kitanda cha kujifungulia, barakoa saizi mbili, na viwe vimejaribiwa mwanzo wa zamu kwa kuzibwa na kiganja kuona kama vinavuja. Watoto njiti nao, kabla hamjaota incubata (sanduku la kuwapa joto), wawekeni kifuani kwa mama. Njia hiyo ilianzia Bogotá mwaka 1978 kwa sababu incubata hazikutosha, na utafiti wa mwaka 2021 katika nchi tano ukaonyesha kwamba kumweka njiti kifuani mara tu anapozaliwa, bila kungoja kwanza atulie, kunapunguza vifo kwa robo. Kinachohitajika ni kitanda cha mama kiingie chumba cha watoto. Mara nyingi kinachokataza ni utaratibu wa wodi tu.

Akina mama ambao mmeshajua watahitaji upasuaji au wana mapacha, wasianzie uchungu kwao. Kama hapo upasuaji haufanyiki saa zote, wahamie karibu na hospitali ya rufaa wiki chache kabla. Mipango ya aina hiyo inaokoa usiku wako mwingi, na patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, inayojazwa kweli, siyo inayojazwa asubuhi kwa kumbukumbu, itakuambia nani wa kuondoka mapema.

Mfadhili, basi. Usimkatalie kwa ukavu, mtu amekuja na moyo. Mwalike alale wodini usiku mmoja, akae kitini pembeni. Kisha mpe orodha: mifuko ya kupimia damu ya mwaka mzima, vazi mbili za kubana, mashine mbili za presha, mifuko ya kupumulia watoto, friji ndogo ya sola, taa ya kichwa kwa kila mkunga, vitendanishi vya damu, na mafunzo yanayofanyika hapohapo wodini badala ya hotelini. Akisisitiza kwamba ni ultrasaundi au hakuna, ipokeeni kwa masharti: ije na betri, na fedha ya matengenezo, na watu wawili wafundishwe, asiwe mmoja atakayehamishwa mwakani akaondoka na ujuzi.

Ila kuna kitu hakimngoji mfadhili, na unaweza kukianza usiku wa leo. Mlaze mhudumu kitandani awe mama, mpe chupa ya maji yenye rangi nyekundu, mwambie aimwage wakati atakaotaka mwenyewe. Usimwambie mkunga wa zamu. Washa saa damu inapoanza, izime sindano ya kwanza inapokuwa tayari mkononi. Mara ya kwanza mtaona aibu; wodi moja niliyoifanyisha zoezi hili ilichukua dakika 23, na sita kati yake zilikuwa za kutafuta mkasi wa kukatia plasta. Rudieni kila wiki, dakika kumi tu, zamu tofauti, na mara moja moja umeme ukiwa umekatika. Andika dakika hizo ukutani. Ukiniandikia tena baada ya miezi miwili, anza barua yako na tarakimu hizo.